Kudai Ujira si Ufidhuli

Mwenye kusafiri siku hizi kwa njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Bagamoyo huona jambo ambalo wazee wetu hawakuliona. Toka Bunju hata Mapinga, toka Kerege hata Kiromo na Zinga, mahali palipokuwa na minazi, mikorosho na mashamba ya mihogo, leo pamejaa nyumba mpya. Nyingine zimekwisha kupauliwa, nyingine zimefika kwenye linta, nyingine ni msingi tu uliozungukwa na majani. Kila nyumba ina mwenyewe, naye aghalabu yu mbali, mjini kazini au ng'ambo. Na kila nyumba ina watu wengine ambao majina yao hayataandikwa kamwe katika hati ya kiwanja: mwashi aliyepanga matofali, seremala aliyechonga milango, fundi wa bomba, fundi wa umeme, mpiga rangi, na vijana wa kusaidia fundi waliobeba maji na zege. Watu hao hawana mshahara wa mwezi. Hula kwa kazi waliyoimaliza, kisha hutafuta nyingine. Leo twataka kunena habari zao.

Twamjua seremala mmoja wa pande hizo, baba wa watoto wanne, mtu mwenye mkono mzuri. Alipewa kazi ya milango sita ya mninga. Alipokea fedha kidogo za mbao, zilizopungua akazijaza kwa fedha yake mwenyewe. Akaichonga milango, akaipeleka, akaitia katika fremu zake, na mwenye nyumba akaisifu mbele ya wageni. Na malipo? "Mwisho wa mwezi, fundi wangu." Mwezi ukaisha, ukaja mwingine. Simu ikawa haipokelewi. Na ikipokelewa, jibu ni kwamba bwana yupo kikaoni. Sasa miezi minane imepita. Sare za watoto zimenunuliwa kwa mkopo, na mwenye duka la jirani amesema hakopeshi tena mpaka lile deni la kwanza lilipwe. Mke wake akamwuliza, "Mbona huendi kumdai?" Naye akajibu kwa maneno mawili: "Naona haya."

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu. Iweje aliyefanya kazi aone haya, na aliyekula jasho la mwenziwe apite barabarani na gari lake akimpungia mkono? Haya ni fadhila kubwa katika mwambao wetu. Mtu asiye na haya hatumhesabu kuwa mtu. Lakini haya, kama taa, yafaa iwekwe mahali pake. Hapa imekaa upande usio wake: imemwelemea mwenye haki, na mwenye deni imemwacha huru. Tena wako wengi wanaojua siri hiyo, nao huitegemea. Hujua kwamba fundi mpole hatapiga kelele, wakamlipa kwanza yule mkali, na mpole wakamwacha mwisho au wasimlipe kabisa. Basi upole wa mtu umekuwa hasara yake. Je, hiyo ni haki?

Wengine watatuambia: "Hilo ni deni kama madeni mengine, nani leo asiyedaiwa?" Hatukubali. Mwuza mchele akikukopesha gunia, amekukopesha kitu alichokuwa nacho ghalani, naye kabla ya kukukopesha alikutazama usoni akakubali kwa hiari yake. Fundi hakukukopesha. Yeye aliuza kazi, nawe ndiwe uliyeyageuza mauzo kuwa mkopo pasipo kumwuliza. Tena mchele uliobaki waweza kurudishwa dukani, lakini siku ya mtu hairudi. Jua lilipochwa jioni ile alipokuwa akiipiga randa milango yako, siku ile ilikwisha kutolewa katika hesabu ya siku alizopewa na Muumba wake. Hawezi kuja kwako kuichukua. Ukimnyima fedha yake, hukubaki na fedha tu. Umebaki na sehemu ya maisha yake.

Ndiyo maana Kanisa halikuliweka kosa hili pamoja na makosa madogo. Katekisimu yataja dhambi zinazolia mbinguni, na kumdhulumu mtenda kazi ujira wake imo katika hesabu hiyo, pamoja na damu ya Abeli. Torati ya Musa iliamuru kibarua maskini alipwe siku ile ile, kabla jua halijachwa. Baba Mtakatifu Leo XIII alilikariri fundisho hilo mbele ya ulimwengu wa viwanda katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891. Na Papa aliyechaguliwa Mei 2025, alipotwaa jina la Leo XIV, alieleza kwamba alimkumbuka Leo huyo na waraka wake. Jirani zetu Waislamu nao, ambao ni wengi katika mji wa Bagamoyo, wanayo mapokeo mashuhuri ya Mtume wao yanayoagiza kwamba mtenda kazi apewe haki yake jasho lingali mwilini. Basi katika mwambao huu hakuna awezaye kusema kwamba dini yake haikumwambia.

Tena Bagamoyo si mahali pa kusahau jambo hili. Mwaka 1868 wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni hapo, waliwapokea watu waliokombolewa katika utumwa. Na mtumwa ni nani, kama si mtu ambaye nguvu zake huchukuliwa kila siku na wala haki yake hapewi? Hatusemi kwamba mwenye kuchelewesha fedha za seremala ni mfanya biashara ya watumwa. Hayo yangekuwa maneno ya kupita kiasi. Twasema tu ya kuwa mbegu ni moja: kudhani kwamba nguvu za mtu mwingine zaweza kuwa zangu pasipo mimi kumpa kitu.

Lakini Bagamoyo yajua pia habari za watu huru walioithamini kazi yao. Katika karne ya 19 misafara ya bara ilianzia hapo na kuishia hapo, ikichukuliwa mabegani mwa wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi wa kuajiriwa hakuondoka pwani kwa ahadi tupu. Desturi ilikuwa apatane ujira kwanza, apewe sehemu yake kabla ya safari, na posho yake ya njiani ijulikane. Msafara uliovunja mapatano ulihatarika kuona mizigo imewekwa chini na watu wamekaa kitako. Wageni wengine waliwanung'unikia sana kwa ajili hiyo. Hata hivyo mzigo haukwenda mpaka watu wameafikiana. Wale wapagazi hawakuona haya kutaja bei ya mabega yao.

Na kuna habari moja ya wapagazi hao ambayo kila mtoto wa shule ameisikia. Daktari Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, katika nchi iitwayo leo Zambia, watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuchukua mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Baadaye Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme ya London iliwatengenezea nishani watu wa msafara ule. Ilikuwa heshima njema. Lakini wakati huo wengi wao walikuwa wamekwisha kutawanyika, kila mtu kwa njia yake, na si wote walioipata. Twajifunza nini? Kwamba nishani yaweza kuchelewa na isimdhuru mtu, bali ujira hauwezi. Sifa ni pambo. Ujira ni chakula. Anayempa mtu sifa mahali pa ujira amempa kilemba mtu mwenye njaa.

Tuseme sasa habari za visingizio, maana visingizio ndivyo vinavyoifanya dhuluma ionekane kama jambo la kawaida.

Cha kwanza ni "Njoo kesho." Neno hili ni jepesi kinywani mwa anayelisema, na zito miguuni mwa anayelisikia. Fundi anayekwenda Bunju toka Bagamoyo kufuata fedha yake hulipa nauli ya kwenda na ya kurudi, na siku hiyo hafanyi kazi nyingine. Akifuata mara kumi, amepoteza siku kumi juu ya zile alizopoteza kwanza. Basi aliyesema "Njoo kesho" huku akijua kwamba kesho hana kitu, amemdhulumu mara ya pili.

Cha pili ni "Tutakutangaza." Hiki huwapata hasa wasanii. Bagamoyo ina chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho tangu 2007 huitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa. Na mji una wapiga ngoma, waigizaji, wachoraji na wachongaji wengi wanaoishi kwa kualikwa. Msanii huitwa kwenye harusi, kwenye mkutano au hotelini. Hupiga ngoma saa tatu juani, kisha huambiwa kwamba amepata kujulikana. Kujulikana ni kuzuri, lakini mwenye nyumba ya kupanga hapokei kodi ya kujulikana. Ajabu ni kwamba mpishi wa karamu ile ile hulipwa, na mwenye viti na maturubai hulipwa. Ni mpiga ngoma tu anayetazamiwa kushiba makofi, ati kwa sababu kazi yake yapendeza.

Cha tatu ni "Sisi ni ndugu." Na cha nne, ambacho twakitaja kwa kichwa kilichoinama kwa kuwa ni chetu sisi waamini, ni "Mungu atakulipa." Fundi cherehani huombwa ashone sare za kwaya, mpiga rangi huombwa apake ukuta wa kanisa kabla ya sikukuu, kijana mwenye kamera huitwa kwenye jubilei. Bei hupatanwa vizuri, kazi hufanyika, kisha kamati humwambia kwamba thawabu yake iko mbinguni. Ndugu wasomaji, kujitolea ni fadhila kubwa, na makanisa mengi ya nchi yetu yalijengwa kwa mikono ya waliojitolea. Lakini mtu hujitolea mwenyewe. Hajitolewi na kamati. Kazi iliyopatanwa kwa bei ni deni, hata kama mwenye kudaiwa ni parokia. Kumtaja Mungu ili kumfunga kinywa mdai ni kulitumia jina takatifu kama kufuli la sanduku la fedha. Tungefanya vema kuanza kusafisha nyumbani kwetu kabla ya kuwaonya wengine.

Twafika sasa kwenye swali lenyewe. Je, fundi ajilinde namna gani? Na kule kujilinda kwake, si kuvunja upendo? Wako wengi wenye moyo mwema wanaodhani hivyo. Husema: "Nikimwambia jirani yangu tuandikiane, nimemwita mwizi. Nikimwomba arbuni, nimeonyesha kwamba simwamini."

Kwa jibu twaomba wasomaji wakifungue Kitabu cha Tobiti. Tobiti alikuwa mtu wa sala na sadaka, aliyewazika maiti kwa hatari ya uhai wake. Mtu huyo aliweka talanta 10 za fedha kwa Gabaeli katika nchi ya Wamedi. Gabaeli alikuwa mtu wa taifa lake, naye alikuwa mwaminifu. Hata hivyo waliandikiana. Hati ikagawanywa vipande viwili, na kila mmoja akashika chake. Miaka 20 ikapita. Tobiti akawa kipofu na maskini, na mwanawe Tobia akawa hamjui Gabaeli wala Gabaeli hamjui yeye. Nini kilichoirudisha ile fedha? Uaminifu wa Gabaeli, ndiyo. Lakini pia ile hati, iliyomwezesha kumtambua mwenye haki. Na tazama zaidi: Tobiti alipomtafutia mwanawe mwenzi wa safari, alimtajia ujira wake kwa siku kabla hawajatoka mlangoni, na posho pia. Mwenzi yule alikuwa Malaika Mkuu Rafaeli, ingawa Tobiti hakujua. Basi ikiwa hata malaika alipatana ujira wake kwanza na hakukasirika, kwa nini mwenye nyumba wa Kerege akasirike?

Hekima hiyo haikuwa ya Wayahudi peke yao. Katika Kurani, aya ndefu kuliko zote, iliyomo katika sura ya pili, yahusu jambo hili hili: deni la muda liandikwe, na mashahidi wawepo. Na wahenga wetu wa pwani, waliokuwa watu wa jahazi na biashara, walituachia neno kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakusema kwamba hupotea kwa sababu ya wezi tu. Hupotea kwa sababu binadamu husahau. Kwa sababu hufa, na warithi hawajui. Kwa sababu fundi alisikia laki saba na mwenye nyumba alisema laki sita, na wote wawili wanaapa kwa kweli. Maandishi hayamtuhumu mtu. Humlinda mkweli asije akaonekana mwongo, na humlinda mnyonge wa nia asije akashawishika kuwa mwongo. Anayeufunga mlango wake usiku hakuwatukana majirani, amewaondolea mashaka. Ndivyo ilivyo hati ya mapatano. Kumwandikia mwenzako ni kumwondolea kishawishi, na hilo ni tendo la upendo.

Kwa hiyo twamshauri kila mwenye kuishi kwa kazi ya mkono wake, au ya akili yake, kabla hajashika chombo cha kazi, apatane mambo machache na kuyaandika kwa lugha nyepesi: kazi ni ipi na mwisho wake ni wapi, bei yake ni kiasi gani, vifaa ni vya nani, fedha italipwa lini na kwa mafungu gani, na ikitokea kazi ya kuongezwa, bei yake iandikwe upya. Wote watie sahihi, na shahidi mmoja au wawili. Arbuni, ambayo mafundi wa leo huiita advansi, iwe angalau ya kutosha vifaa, ili fundi asigeuke kuwa mkopeshaji wa tajiri kuliko yeye. Kazi kubwa igawanywe kwa hatua: msingi ukiisha ulipwe, linta ikifika ilipwe, paa likikamilika lilipwe. Kwa njia hiyo, hata mwenye kazi akigeuka, hasara itakuwa ya hatua moja, si ya nyumba nzima. Nayo hatua ina faida kwa mwenye nyumba pia, maana fundi akikimbia, hakukimbia na fedha zote.

Kama kuandikiana hakukuwezekana, basi mapatano yasemwe mbele ya mtu wa tatu, au yatumwe kwa ujumbe wa simu: "Tumekubaliana milango sita, bei kadhaa, nusu leo na nusu siku ya kukabidhi. Nijibu kama ndivyo." Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa namna hiyo waweza kupokelewa mahakamani kuwa ushahidi. Fedha ikipokelewa kwa simu, kumbukumbu yake isifutwe. Na mapatano ya mdomo nayo kwa kawaida ni mapatano mbele ya sheria. Udhaifu wake ni kwamba ni vigumu kuyathibitisha.

Kuna kinga nyingine ambayo mafundi wengi hawaijui. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo asili yake ni ya mwaka 1961, yamruhusu mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenziwe ili aifanyie kazi ya ustadi, aishike mali hiyo mpaka alipwe haki ya kazi yake. Mtu akimletea fundi cherehani kitambaa ashone koti, fundi anayo haki ya kulishika koti mpaka alipwe. Lakini kama alikwisha kukubali kulipwa baada ya miezi mitatu, hana haki ya kulishika. Amekwisha kuiacha kwa kinywa chake. Basi, ewe fundi, tafakari kabla ya kusema "Haina neno, utanilipa baadaye." Neno hilo la adabu lina uzito kuliko unavyodhani. Na kama mbao ni zako na milango ni kazi yako, wakati wa kuomba malipo ya mwisho ni kabla milango haijatoka karakanani, wala si baada ya kuwa imekwisha kutiwa bawaba katika nyumba ya watu.

Na kama yote hayo yamepita, na mwenye kazi hataki kulipa? Aanze kwa kumwendea yeye peke yake, kwa upole, na hesabu mkononi. Asipomsikia, aende na mtu mwingine, mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili. Kisha ofisi ya mtaa au ya kijiji. Kisha Mahakama ya Mwanzo, ambako kesi husikilizwa kwa Kiswahili, na mtu aweza kusimama mwenyewe kulieleza dai lake. Sheria ya ukomo, Sura ya 89, huweka miaka 6 kwa madai yatokanayo na mkataba. Lakini asingoje, maana shahidi huhama na karatasi huliwa na mchwa. Na wako wengine waitwao mafundi au vibarua ambao kwa kweli ni waajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 humdhania mtu kuwa mwajiriwa ikiwa, kwa mfano, amemfanyia kazi mtu mmoja kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au saa zake za kazi zaamriwa na mwenye kazi. Mtu wa namna hiyo aweza kwenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wala asikubali kuambiwa kwamba hana haki kwa kuwa hana barua ya ajira.

Lakini kuna njia moja ambayo hatuwezi kuibariki. Twawasikia mafundi wanaoing'oa milango usiku, na wengine wanaobomoa ukuta walioujenga. Na wako walio wengi zaidi, ambao wakidhulumiwa na mteja wa kwanza hujilipa kwa mteja wa pili: mfuko mmoja wa saruji hapa, nondo mbili pale, bei iliyopandishwa kwa mtu asiye na kosa. Hasara ya Petro hailipwi na mali ya Paulo. Aliyedhulumiwa akidhulumu, wadhulumu wamekuwa wawili na haki haijarudi kwa mtu yeyote.

Tena fundi naye ajichunguze. Wangapi wamepokea arbuni kwa watu watatu kwa siku moja, wakaanza kazi tatu na wasiimalize hata moja? "Njoo kesho" ya fundi ni dhambi ile ile kama "Njoo kesho" ya tajiri, maana fedha ya arbuni nayo ni jasho la mtu, pengine mjane aliyeiweka kidogo kidogo. Na nyuma ya kila fundi yuko kijana wa kusaidia, aliyebeba zege tangu alfajiri, ambaye hajui habari za mwenye nyumba wala za mkataba. Yeye amjua fundi tu. Fundi akilipwa nusu, hiyo nusu ina sehemu ya kijana yule ndani yake. Asije akalia juu ya mkubwa aliyemnyima, huku mdogo analia juu yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na mnyonge ana mnyonge wake.

Nao wenye kazi ambao mambo yamewaharibikia kweli, wamefiwa, wameuguliwa, wamepoteza kazi, hatuwahukumu. Kukosa si dhambi. Dhambi ni kujificha. Mtu aliyekwama amwendee fundi wake kabla fundi hajamwendea, amweleze ukweli, amtajie siku, amlipe hata kidogo alicho nacho. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wazee. Lakini hata matangani watu hukutana na kuzungumza.

Tumrudie yule seremala wetu na maneno yake mawili. Twapenda ajue ya kwamba haya yake ni dalili ya roho njema, lakini haikuwa zamu yake kuiona. Kudai ujira si ufidhuli. Ni kumkumbusha mwenzako wajibu wake kabla haujawa mzigo juu ya roho yake. Nayo ni kazi ya upendo, ingawa ni chungu. Zaidi ya hayo, fedha ile si yake peke yake: ni ya mke wake na ya watoto wake wanne, na mtu hana ruhusa ya kuwa mpole kwa mali ya watoto wake. Aichukue hesabu yake, avae shati safi, aende mchana kweupe, aseme kwa sauti ya kawaida, "Bwana, nimekuja kwa ajili ya ile milango."

Na sisi wengine, jioni ya leo kabla jua halijachwa, tutazame pande zote za nyumba zetu: mlango, kitanda, ukuta, sare za watoto, picha za harusi ukutani. Tujiulize ni nani aliyevifanya, na kama twamdai au atudai. Tukiona jina la mtu ambaye twakwepa kukutana naye njiani, tumekwisha kujua ni nani wa kumlipa kwanza.